Alime, Alimie

Kwa miaka 38 nilisimama mbele ya ubao, tangu nilipotoka chuo cha ualimu mwaka 1972 mpaka nilipokabidhi ufunguo wa ofisi ya mwalimu mkuu mwaka 2010. Katika muda huo nimefundisha hesabu, siasa, kilimo, hata uimbaji pale mwalimu wa nyimbo alipohamishwa bila kuletewa mwingine. Lakini somo ambalo halijaniacha, na ambalo hunijia hata sasa nikiwa chini ya mparachichi wangu nachambua maharage, ni somo la kauli za vitenzi. Na ndani ya somo hilo, kauli moja tu, ile tuliyozoea kuiita kauli ya kutendea.

Msomaji wangu anaijua kauli hii hata kama jina lake limemtoka. Ni ile i au e ndogo inayojipenyeza kabla ya a ya mwisho ya kitenzi. Pika, pikia. Kata, katia. Shuka, shukia. Soma, somea. Leta, letea. Ukitazama vizuri utaona kwamba vokali hii ina adabu ya mgeni: ikikuta a, i au u kwenye shina huwa i, ikikuta e au o huwa e. Na kitenzi kinapoishia kwa vokali mbili, ghafla hujitokeza l: kaa, kalia, zaa, zalia, chukua, chukulia, ondoa, ondolea. Wanafunzi walipenda kuniuliza hiyo l imetoka wapi. Niliwajibu kwamba haikutoka popote, ilikuwamo tangu zamani. Mganda mpaka leo husema kuzaala, na Mzulu kule Afrika Kusini husema ukuzala. Sisi tumeimeza ile l katikati ya vokali mbili, lakini kauli ya kutendea imeitunza, kama bibi anavyotunza hati za shamba ndani ya kasha.

Chuoni tulipewa orodha. Kauli ya kutendea, tuliandika madaftarini, ina matumizi haya: kutenda kwa niaba au kwa faida ya mtu, kutenda kuelekea mahali, kutenda kwa kutumia kifaa, kutenda kwa sababu fulani, na kutenda mpaka mwisho kabisa, kama mtu anapoambiwa potelea mbali. Tuliikariri, tukaitoa kwenye mtihani kama ilivyo, tukapata alama zetu. Sina ugomvi na orodha. Mwalimu asiye na orodha huishiwa maneno kabla ya kengele. Ila kuna jambo lililoniwasha. Iwapo haya ni mambo matano mbalimbali, kwa nini wahenga waliridhika na herufi moja? Watu walioweza kuipa kila aina ya ndizi jina lake, na kila hatua ya kukua kwa ng'ombe jina lake, hawakuwa wavivu wa maneno.

Jibu nililolipata baada ya miaka mingi ni kwamba orodha ile si yetu. Ni orodha ya Kiingereza. Waingereza waliotuandikia sarufi, akina Steere wa Zanzibar katika karne ya 19 na Bibi Ashton ambaye kitabu chake kilitoka mwaka 1944, walikuwa wakiwaandikia Waingereza wenzao, na Mwingereza akitaka kutafsiri pikia, kimbilia, kulimia na lilia anahitaji kijineno kingine kila mara. Basi vijineno vikahesabiwa, na sisi tukaambiwa kuwa kauli yetu ina matumizi hayo. Ni kama mgeni aliyekuja na vikombe vitano, akachota maji mtoni, kisha akaandika barua kwao kwamba mto huu una maji ya aina tano.

Kwa hiyo mimi darasani nilifundisha hivi. Kila kitenzi kina viti vyake mezani. Lala kina kiti kimoja, cha anayelala. Lima kina viwili, cha mlimaji na cha shamba. Ukiingiza ile i, unaongeza kiti kimoja. Basi, kazi yake imekwisha. Nani atakikalia kiti kile, na amekuja kwa heri au kwa shari, hiyo i haisemi. Atakikalia mtu: amenilimia shamba. Atakikalia mahali: analimia bondeni. Litakikalia jembe: jembe la kulimia. Itakikalia sababu: unalilia nini? Hata ile potelea mbali, ambayo vitabu huipa fungu lake peke yake, mbali ndiye aliyekalia kiti.

Nilipoligeuza somo namna hii, watoto waliacha kukariri wakaanza kuwinda. Waliniletea mifano kutoka Soko la Tengeru siku za Jumatano na Jumamosi, kutoka stendi, kutoka jikoni. Beseni la kufulia. Ufunguo wa kufungulia. Kondakta wa kifodi aliyetushushia Kijenge na tumelipia mpaka mjini, ambamo kauli yetu imo mara mbili, katika kosa na katika nauli. Siku moja msichana mmoja wa darasa la sita akaniuliza kwa nini mkono wa kulia unaitwa wa kulia, unalia nini? Nikamwambia ajipe dakika moja akumbuke mchana alikula ugali kwa mkono gani. Darasa zima likaangua kicheko, na tangu siku ile nadhani hakuna hata mmoja wao aliyekosa upande anapoelekezwa njia.

Lakini mahali ambapo kauli hii hujionyesha sura yake ya kweli si kwenye faida, ni kwenye hasara. Neno la kutendea lenyewe linadanganya, maana husikika kama kumtendea mtu wema. Hebu sikiliza tunavyozungumza. Gari limeniharibikia Usa River. Mvua imetunyeshea Ngaramtoni. Jua limetuchwea njiani. Nyumba imemuungulia maskini. Amenilia fedha zangu. Hakuna hata mmoja hapo aliyefanyiwa hisani. Gari halikukusudia lolote; limeharibika tu, nami nipo, nimekalia kile kiti. Wataalamu wawili, Joan Bresnan na Mchaga Lioba Moshi, waliandika mwaka 1990 makala juu ya Kivunjo, lugha ya jirani zetu wa Kilimanjaro, na mfano wao mmoja unahusu mume anayekula chakula, ile i ikiwa imeingizwa kwa ajili ya mke. Sentensi ile ile yaweza kuwa na maana kwamba mume anakula kwa manufaa ya mkewe, au kwamba anamlia chakula chake. Mchaga haoni tabu. Anaijua ndoa ile. Atakayeona tabu ni yule anayetaka herufi imfanyie kazi ambayo ni ya akili.

Na kuna neno moja katika jamii hii ambalo sikupata kulieleza darasani bila kunyamaza kidogo. Ni kufiwa. Kufa kuna kiti kimoja tu, cha anayekufa, naye akishakufa ameondoka. Ukiongeza i unapata kufia, na pamoja na kufia mahali, kama mzee anayerudi kijijini kufia kwao, lipo kumfia mtu: kiti cha yule anayebaki. Kisha tunakigeuza, yule anayebaki anatangulia mbele ya sentensi: amefiwa. Katika miaka ya 1990 daftari langu la mahudhurio lilijaa neno hilo. Mnajua ulikuwa ugonjwa gani. Mtoto alikuja ofisini na kikaratasi kilichoandikwa na shangazi au na jirani: Mwalimu, naomba ruhusa kwa mtoto huyu, amefiwa. Hawakuandika kwamba mama yake amekufa. Waliandika habari ya mtoto. Nilikuwa nikisoma kikaratasi, namtazama mwenyewe amesimama na sweta yake ya kijani imetoboka kiwiko, na niliona kwamba aliyeandika, pengine mtu wa darasa la nne, ametumia kauli ya kutendewa kwa usahihi ambao mimi ningehitaji kipindi kizima kuueleza.

Mwaka 1994 herufi hii ilinikuta mahali pasipo na ubao. Katika kijiji kimoja cha Meru ya juu, ambacho sitakitaja kwa sababu wahusika wapo na wanasalimiana, mtu mmoja alikuwa amefariki miaka minne nyuma, akaacha mke, binti na mtoto wa kiume mdogo. Alijua kusoma na kuandika kwa elimu ya watu wazima. Akiwa kitandani aliandika kwenye karatasi ya daftari, pamoja na mambo ya mbuzi na deni la dukani, sentensi hii: Shamba la chini namwachia mdogo wangu alimie watoto mpaka wakue. Hapakuwa na koma wala nukta. Chini aliweka sahihi yake na za mashahidi wawili, ambao mmoja naye alikuwa amekwisha kufariki. Shamba lenyewe lilikuwa kihamba cha migomba na kahawa, kama ekari moja na nusu. Mtu wa mabondeni atacheka. Lakini mlimani ardhi ilikwisha zamani, na ekari moja na nusu ni maisha ya watu.

Mdogo mtu alikuwa amelima miaka ile minne. Ndizi za kula alipeleka kwa shemeji yake, tuseme ukweli, si kila mara lakini alipeleka. Mwaka huo akachimba msingi wa nyumba katikati ya kahawa. Hapo ndipo mjane akaenda kwa wazee. Wazee wa ukoo wakakaa na mshili wao chini ya mringaringa, wakaitazama karatasi, wakabishana asubuhi nzima, mwisho wakatuma kijana aje aniite shuleni. Hawakuniita kama hakimu. Walitaka mtu awasomee.

Mdogo mtu alijieleza vizuri kuliko nilivyotarajia. "Wazee wangu," alisema, "kaka ameandika namwachia. Mtu akikuachia kitu, si chako? Hata redio yake aliniachia, na hakuna aliyeniuliza. Na hilo la kulimia watoto, ni nani hapa asiyelimia watoto? Mimi ninao watano. Nao si watoto?" Watu walicheka, lakini hoja ilikuwa na uzito, kwa kuwa karatasi haikusema watoto wangu. Tena haikusema awalimie. Ile wa ambayo ingewashika watoto na kuwafunga kwenye kitenzi haikuwamo. Huku kwetu bara watu huiacha mara kwa mara.

Mjane alikuwa amekaa pembeni na kanga yake mabegani. Alisema mara moja tu. "Jumamosi nilimwachia jirani ufunguo wangu nikaenda Tengeru. Niliporudi alinirudishia. Hakuniambia kwamba nyumba ni yake."

Kwa kweli baada ya maneno yale sikuwa na kazi kubwa. Nilichofanya ni kuwaonyesha wazee kwamba katika sentensi ile moja kauli ya kutendea imo mara mbili, na kila moja imeleta mtu wake. Katika namwachia, aliyekalia kiti ni mdogo mtu: kuacha kumemfikia yeye. Kumfikia kwa njia gani, kama redio au kama ufunguo, i haisemi. Katika alimie, waliokalia kiti ni watoto: kulima kunawafikia wao. Tena kulima huko kumewekewa mwisho, mpaka wakue. Nikawauliza, mtu akipewa mbuzi awe wake kabisa, je, huambiwa amchungie nani, na mpaka lini? Na kuhusu watoto ni wa nani, nikasema watoto wenye baba anayelima hawahitaji kuandikiwa mtu wa kuwalimia. Anayehitaji ni yule ambaye baba yake ndiye anayeandika barua ile.

Mzee mmoja, mcheshi, akaniuliza: "Mwalimu, ina maana kama marehemu angeandika alime, tungekuwa tumekwisha kwenda kwetu kula?" Nikamjibu ndiyo, mzee wangu, na huyu mama angekuwa anatafuta pa kupanga Arusha mjini.

Kisha likaja swali ambalo sikuliona likija. Mzee mwingine, bila ubaya wowote, alitaka kujua kama shamba litasubiri mpaka yule mtoto akue. Alisema mtoto, na sote tulielewa ni yupi. Binti alikuwa na miaka 15, amesimama nyuma ya mama yake. Nikamwomba mzee aitazame karatasi tena. Marehemu alikuwa na mtoto wa kiume mmoja tu. Kama alimkusudia huyo peke yake angeandika mtoto mpaka akue. Ameandika watoto, ameandika wakue. Ile wa ndogo imo mara mbili, na maana yake hapo ni moja tu, kwamba wamezidi mmoja. Haiwaulizi kama ni wa kike au wa kiume. Wazee wakanyamaza. Mshili akasema, "Hilo tumelisikia," akaendelea na mambo ya mpaka.

Waliamua kwamba kihamba ni cha watoto wa marehemu. Mdogo mtu avune kahawa ya msimu ule kwa sababu aliyelima amelima. Mawe ya msingi ayachukue. Hakufurahi, ila aliyachukua. Haya yalikuwa kabla ya Sheria ya Ardhi ya Vijiji ya mwaka 1999, ambayo ilitamka wazi kuwa mwanamke ana haki sawa na mwanamume katika kupata na kumiliki ardhi. Siku ile chini ya mringaringa tulikuwa na karatasi ya daftari tu. Leo migomba ya upande wa mtoni ni ya binti yule, na ndugu yake ana upande wa barabarani.

Wameru tunazo sababu zetu za kujali silabi zinapohusu ardhi. Mwezi Novemba 1951 serikali ya Mwingereza ilianza kuwaondoa watu wetu wapatao 3,000 kutoka Engare Nanyuki, ili ardhi ile wapewe walowezi wa Kizungu. Mwaka uliofuata Kirilo Japhet alikwenda New York kupeleka shauri letu Umoja wa Mataifa, na baadaye yeye na wakili Earle Seaton waliandika kitabu juu ya shauri hilo, kilichotoka mwaka 1967. Mimi nilikuwa mtoto mchanga. Lakini nilimkuta mzee mmoja aliyeyaona, na alikuwa na tabia ya kumkatiza yeyote aliyesema "wakati Wameru walipohama Engare Nanyuki." Angekurupuka: "Nani alihama? Tulihamishwa!" Hakujua habari za viambishi. Alijua kwamba anayehama ameamua mwenyewe. Ukiingiza sh, yupo mtu mwingine anayesababisha. Ukiingiza na w, wewe ndiye uliyefikwa. Kama vile shusha na shushwa, fukuza na fukuzwa. Sauti za kusababisha hubadilika kidogo, ile w haibadiliki. Serikali ilikuwa imepanga watu wale wakae King'ori, na wengi walikataa kwenda. Mzee alikuwa akimalizia hivi, na hapo i yetu inarudi: "King'ori hatukuhamia. Tulihamishiwa kwenye karatasi."

Nisije nikaeleweka kwamba lugha zote za dunia lazima zifanye hivi. Majirani zetu Waarusha, wa upande wa magharibi wa mlima, husema Kimaa, na Kimaa si ndugu wa Kimeru hata kama tumeoleana vizazi na vizazi. Tucker na Mpaayei, katika sarufi yao ya Kimaa ya mwaka 1955, wameonyesha kwamba lugha ile ina kiishio kimoja cha kitendo kinachoelekezwa kwa mtu, na kingine kabisa cha kitendo kinachofanywa kwa kifaa. Mwarusha anavyosikia, kumlimia mama na kulimia jembe ni mambo mawili. Nilikuwa na watoto wa Kiarusha darasani, na nadhani ndio waliolielewa somo hili kwa undani zaidi, kwa sababu wao waliona kitu ambacho sisi tulizaliwa nacho ndani. Samaki hana habari za maji.

Wala nisieleweke kwamba kila silabi inayofanana ni ndugu. Kuna watu wamenisimamisha njiani wakitaka niwakubalie kwamba ki ni ya kudunisha: kitoto, kijitu, na ndiyo maana, wanasema, tunaita watu vipofu na viziwi. Jambo hili si la mchezo. Wasioona wa nchi hii wamejiita Chama cha Wasioona, wameikwepa ki. Lakini viziwi wamejiita Chama cha Viziwi Tanzania, CHAVITA, wala ki haikuwatisha. Na kiongozi je? Na kijana? Ki ni pana, imebeba vitu, lugha, namna za kufanya, udogo. Na linapokuja suala la mtu, sikio langu husikiliza zaidi kinachofuata. Kipofu amekuja, huyo ni mtu. Kijitu kimekuja, hilo ni tusi. Kitabu ndilo la kuchekesha kuliko yote: tumelipokea kutoka kwa Waarabu likiwa na ki yake, ambayo kwao si kiambishi hata kidogo, nasi bila kuuliza tukasema vitabu.

Vijana wa leo hawahitaji mwalimu wa kauli. Nimewasikia vibandani mjini: nichajie simu, nirushie hiyo picha. Neno limeshuka kwenye ndege jana, leo limekwisha kuvaa i kama mwenyeji. Mjukuu wangu wa kiume huniandikia kwenye simu, Babu nitumie pesa, na mara moja moja humjibu, tumia tu mwanangu, kwani nani amekuzuia? Maana tumia ya kupeleka na tumia ya matumizi kwa asili ni kitenzi kimoja, tuma, na huyo kijana hapendi kabisa nimkumbushe.

Mwenye kunipa tabu ni dada yake, ambaye yuko darasa la saba na amerithi ubishi wa nyumba hii. Majuzi aliniuliza kwa nini nuka ni vibaya na nukia ni vizuri, wakati i kazi yake ni kuongeza kiti tu, haijali heri wala shari, babu ndivyo ulivyosema. Ni swali zuri. Nikamwambia kinachonuka kinanuka tu, kipo pale na uvundo wake, hakuna anayetaka kukaa karibu nacho. Lakini kahawa ikikaangwa harufu yake inakujia ulipo, inakukaribisha, kwa hiyo wewe umepewa kiti. Akafikiri, akakunja uso.

"Babu, na soksi za kaka je? Hizo mbona zinanijia mpaka kitandani?"

Nimemwambia nitamjibu Jumapili.